Sheria Mpya, Fomu ya Zamani

Chukua fomu ya kuombea likizo ya uzazi. Karatasi moja tu: jina, idara, tarehe ya kuondoka, tarehe ya kurudi, sahihi ya msimamizi. Kwa mwajiri wa Tanzania fomu hiyo ilitosha kwa miaka mingi kuwa na visanduku viwili, maana sheria ya ajira ya 2004 ilitaja siku 84 kwa aliyejifungua mtoto mmoja na siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mmoja. Mwaka 2025 sheria ikarekebishwa na mama aliyejifungua mtoto njiti akaongezewa muda. Mwaka huohuo, Aprili 6, Uingereza nayo ikaanza kutumia sheria yake ya likizo kwa wazazi ambao mtoto wao mchanga amelazwa kwenye uangalizi maalumu siku 7 mfululizo au zaidi. Wanaweza kupata hadi wiki 12, juu ya likizo ya kawaida. Nchi mbili zenye mifumo tofauti kabisa zikafikia jambo lilelile karibu kwa wakati mmoja.

Sasa mwajiri aliyehudhuria semina, akasoma habari, akawatangazia wenzake kikaoni kwamba sheria imebadilika, anastahili kuulizwa swali dogo: fomu yako ina visanduku vingapi?

Nimeshika faili za watumishi kwa miaka ya kutosha kukutana na waajiri wa kila namna, na nimefikia imani moja ambayo washauri wa sheria hawaipendi sana, kwa kuwa haiwauzii kitu. Mwajiri mara chache huponzwa na sheria mpya ambayo hakuisikia. Kelele za sheria mpya humfikia kila mtu: redio inasema, chama cha waajiri kinatuma barua pepe, shemeji anapiga simu kuuliza kama ni kweli. Kinachomponza ni makaratasi na mazoea ya zamani yanayoendelea kuchapa kazi kimyakimya wakati yeye anajiona amekwisha jua. Kichwani mwake sheria imebadilika. Kwenye droo bado.

Na droo zenyewe ni nyingi, kwa sababu sheria ya kazi haina mlango mmoja wa kuingilia. Wengi hukodolea macho ile inayoitwa sheria ya ajira, kumbe mabadiliko yanayogusa mfuko wa mwajiri hupenya kwingine: sheria ya fedha inayopita na bajeti, kanuni za waziri, amri ya kima cha chini cha mshahara, sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, hukumu ya mahakama. Kenya ni shule nzuri hapa. Tozo ya nyumba, asilimia 1.5 ya mshahara ghafi na mwajiri kuongeza kiasi hichohicho, iliingia na Sheria ya Fedha ya 2023. Novemba 28 mwaka huo Mahakama Kuu ikasema inakiuka katiba, lakini ikaacha makato yaendelee kwa muda. Januari 26, 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa kuurefusha muda huo. Machi 19 sheria mpya ya nyumba za bei nafuu ikatiwa sahihi na tozo ikarudi. Yaani ndani ya miezi tisa mtu mmoja anayeandaa mishahara alikata, akaendelea kukata huku akijua mahakama imeikataa tozo, akaacha, kisha akakata tena. Wafanyakazi hawakwenda kumuuliza jaji. Walikwenda kwenye dirisha lake.

Ile ya hifadhi ya jamii nchini humo inachekesha zaidi, kwa aliye mbali nayo. Sheria ya NSSF ilipitishwa 2013, ikakwama mahakamani, na waajiri wakaendelea kukata shilingi 200 kwa mwezi kama walivyozoea, mpaka wengine wakasahau kwamba kuna sheria nyingine imelala pembeni. Septemba 2022 mahakama ya masuala ya ajira ikaibatilisha. Februari 3, 2023, siku ya Ijumaa, Mahakama ya Rufaa ikaifufua, na viwango vipya vikaanza kukatwa kwa mshahara wa mwezi uleule. Sheria ilisinzia karibu miaka kumi, kisha ikaamka mwisho wa wiki. Mtu aliyeanza kazi ya mishahara 2016 hakuwahi kuiona ikitumika hata siku moja, na Jumatatu alitakiwa awe bingwa wake.

Hapo ndipo jedwali la kompyuta huonyesha tabia yake. Niliwahi kurithi jedwali la mishahara lililotengenezwa na mtu aliyekwisha kuondoka. Kiwango cha makato hakukiweka mahali pamoja panapoweza kubadilishwa. Alikiandika ndani ya fomula ya kila mstari, mfanyakazi kwa mfanyakazi. Kiwango kilipopanda tulirekebisha mstari wa kwanza, tukauburuta hadi chini, tukapongezana. Hatukujua kwamba kuna mistari tisa iliyofichwa katikati, ya watu waliokuwa vibarua na baadaye wakapewa mikataba. Miezi minne walikatwa kwa kiwango cha zamani. Mkaguzi hakuliona hilo. Aliliona mmoja wao, aliyeweka hati yake ya mshahara kando ya ya mwenzake, akaja kuniuliza kwa upole kabisa kwa nini yeye anakatwa kidogo. Nilianza kumjibu kwa kujiamini, nikanyamaza katikati ya sentensi. Huwezi kumrudia mtu ukamkata ya miezi minne kwa mkupuo wakati kosa ni lako, kwa hiyo ofisi ikalipa pengo pamoja na adhabu ya kuchelewesha. Sheria yenyewe tulikuwa tunaijua. Ningeweza kuikariri.

Mahakama ni mlango ambao waajiri wengi hawaulindi kabisa. Februari 19, 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba madereva wa Uber ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo, hata kama mikataba yao iliwaita watu wanaojitegemea. Siku hiyo bunge halikugusa hata nukta moja. Majaji walitazama kilichokuwa kikitendeka: nani anapanga nauli, nani anaandika masharti, nani anambana dereva anayekataa abiria. Mwajiri aliyezoea kusubiri Gazeti la Serikali ndipo ashtuke angebaki amekaa.

Mwaka uliofuata, Julai, mahakama hiyohiyo ikashughulikia hesabu ya likizo ya mwalimu wa muziki aliyefundisha majuma ya masomo tu. Waajiri wengi walikuwa wakikokotoa likizo ya watu wa aina yake kwa asilimia 12.07 ya saa walizofanya kazi. Mahakama ikasema hapana. Kisha serikali ikatunga kanuni zilizoirudisha asilimia hiyohiyo kwa wafanyakazi wa namna hiyo, kwa miaka ya likizo inayoanza Aprili 1, 2024 na kuendelea. Mwajiri aliyefuta fomula yake ya zamani 2022 aliitafuta tena 2024. Na bado ile hesabu ya katikati, iliyofuata hukumu, hawezi kuitupa, kwa kuwa mtu akidai likizo ya 2023 itapimwa kwa hesabu ya 2023. Nawashangaa wanaobadilisha mwongozo wa watumishi kwa kuandika juu ya ule wa zamani, wakabonyeza kuhifadhi na kuona kazi imekwisha. Wamejifutia ushahidi wa walichokuwa wakikifanya kwa haki.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaokimbia kabla ya filimbi. Marekani, Wizara ya Kazi ilipanga kuanzia Desemba 1, 2016 kupandisha kutoka dola 23,660 hadi 47,476 kwa mwaka kiwango cha mshahara ambacho mtumishi anayelipwa chini yake hupata malipo ya saa za ziada. Novemba 22, siku tisa kabla, jaji mmoja wa Texas akaizuia kanuni hiyo. Waajiri waliokwisha kuwapandisha watu mishahara ili wavuke kiwango hicho wakabaki na swali ambalo hakuna mwanasheria wa kulijibu vizuri: unamshushaje mtu uliyempongeza wiki iliyopita? Hata hivyo siwacheki hao. Afadhali kuwa na rasimu ya barua mezani bila sahihi kuliko kuanza kuiandika usiku wa kuamkia siku ya utekelezaji. Ninaowashangaa ni wale wanaobadilisha malipo kwa sababu ya hotuba ya Mei Mosi. Hotuba hupigiwa makofi, lakini haikati mshahara wa mtu. Kinachokata ni tangazo lenye namba na tarehe ya kuanza, na kati ya kimoja na kingine inaweza kupita miezi.

Mpaka hapa nimesema habari za karatasi na kompyuta, na hivyo, kwa uvumilivu, vinarekebishika. Kigumu zaidi ni mdomo wa msimamizi wa zamu.

Tangu 1982 Shirika la Kazi Duniani lina mkataba, namba 158, unaosema mfanyakazi asiachishwe kazi bila sababu halali, na kama sababu ni mwenendo wake au utendaji wake apewe kwanza nafasi ya kujieleza. Nchi nyingi, zilizouridhia na ambazo hazijauridhia, zina kitu cha namna hiyo katika sheria zao. Mwajiri mmoja niliyemfanyia kazi aliichukulia kanuni hiyo kwa uzito. Sheria ya nchi ilipobadilishwa ili kumtaka mwajiri athibitishe utaratibu alioufuata, alimlipa mtu kuandika mwongozo mpya wa nidhamu. Kurasa tisa. Ukatumwa kwa wasimamizi wote, na kila mmoja akajibu kwamba ameupokea. Yale majibu tuliyachapa na kuyaweka kwenye jalada. Tuliona tumejikinga.

Wiki chache baadaye, saa kumi na moja alfajiri, msimamizi alimkuta mlinzi amelala kwenye kiti. Kulala lindoni ni kosa zito, hakuna anayebisha. Akamwambia avue sare na asirudi kesho. Kisha kwenye daftari la mahudhurio, mbele ya jina la yule bwana, akaandika: "Ameacha kazi mwenyewe." Nadhani hakukusudia hila yoyote, alijaza nafasi ya daftari kama alivyozoea kuijaza kwa yeyote asiyeonekana tena.

Shauri lilipofika kwenye usuluhishi, lile daftari ndilo lililowekwa mezani. Msuluhishi alisoma ule mstari, akatazama shahidi wa upande wetu aliyekuwa amemaliza kueleza jinsi mlinzi alivyofukuzwa kwa kulala, akausoma tena. Hatukuwa na tuhuma ya maandishi wala kikao, na tulikuwa na maelezo mawili yanayokatana. Kosa ambalo lingemwondoa mtu kihalali ndani ya siku chache likageuka fidia.

Nilimuuliza yule msimamizi baadaye, tukiwa wawili tu, kama hakuupata mwongozo. Alinijibu kitu ambacho nimekibeba tangu siku ile. "Niliupata, mzee. Lakini ulisema mamlaka ya nidhamu ndiyo itakayochukua hatua. Sikujua mamlaka ni mimi."

Kurasa zile tisa ziliandikwa kwa Kiswahili, tena kizuri. Nalisema kwa sababu tumekuwa na mjadala mrefu kuhusu lugha ya sheria, na Tanzania mwaka 2021 ilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, jambo ambalo naliunga mkono kwa mikono miwili. Lakini "mamlaka ya nidhamu" nalo ni Kiswahili. Msimamizi yule alihitaji sentensi ya lindoni: ukimkuta mtu amelala, mwondoe kwenye lindo, andika saa na jina la aliyekuwepo, mlete ofisini asubuhi, usimfukuze. Mistari miwili. Tuliichapa baadaye tukaibandika ndani ya jalada la daftari lenyewe, pale anapotazama akishika kalamu.

Naona waajiri wakilisahau hili hasa kwenye sheria za siku hizi, kwa kuwa nyingi haziishi kwenye fomu tena. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa 2019, unahesabu ukatili na unyanyasaji wa kazini kuwa ni pamoja na unaotokea safarini, kwenye mafunzo na kwenye mawasiliano ya kikazi. Yaani na lile kundi la WhatsApp la zamu, ambamo mtu hutaniwa kuhusu umbo lake na msimamizi akaweka kikaragosi cha kucheka. Ufaransa tangu Januari 2017 inazitaka kampuni za watu 50 na zaidi zijadiliane na wafanyakazi namna ya kulinda muda wao nje ya kazi dhidi ya simu na barua pepe. Australia tangu Agosti 26, 2024 mfanyakazi anaweza kukataa kujibu mawasiliano ya kazini nje ya saa zake, isipokuwa kukataa huko kuwe hakuna busara. Utaiweka wapi sheria ya namna hii? Haina kisanduku. Inakaa kwenye kidole gumba cha mkuu wa idara saa nne usiku.

Nikirudi upande wa waajiri, maana si haki kuwasema tu, mwenye watu sita hana idara ya sheria. Yeye ndiye fundi, ndiye mhasibu, ndiye anayefungua mlango asubuhi. Serikali inayochapisha kanuni leo na kutaka zianze kutumika mwezi uliopita inamtendea kama adui. Hapo Australia ilionyesha ustaarabu: waajiri wenye watu chini ya 15 waliongezewa mwaka mzima, hadi Agosti 26, 2025, kabla ya haki ile ya kutojibu simu kuwagusa. Ni jambo dogo kwa mtunga sheria, na kwa mwenye karakana ni tofauti kati ya kujipanga na kubabaika. Ila mwajiri mdogo naye ana faida ambayo huwa haisemwi. Wa kwangu wa kurasa tisa alikuwa na wasimamizi zaidi ya ishirini. Mwenye watu sita ana droo moja, na wasimamizi wake wanaenea kwenye benchi.

Kwa hiyo sheria mpya ikitangazwa, swali langu la kwanza siku hizi ni inakwenda kuishi wapi. Kwenye karatasi ipi, kwenye mstari upi wa jedwali, mdomoni mwa nani. "Idara" si jibu. Nataka jina la mtu, na siku atakayoniambia amemaliza. Chini ya kila fomu naandika kwa herufi ndogo tarehe fomu iliporekebishwa na sheria iliyosababisha, ili atakayenirithi asibahatishe. Zile za zamani huenda kwenye jalada lao, zikiwa na tarehe zilipokoma. Semina naziheshimu, lakini nimeona watu wakirudi na mkoba, kalamu na cheti, na makabrasha yakakaa kwenye mkoba huohuo hadi semina nyingine. Kuhusu nakala za sheria zinazosambazwa kwenye simu bila namba wala sahihi, nimeshawahi kubadilisha barua za watu 40 kwa kuamini moja yake. Ilikuwa mswada.

Na mikataba iliyokwisha kusainiwa? Wapo wanaodhani sahihi ya mfanyakazi huzuia sheria mpya kuingia, kwamba alikubali siku 21 basi 21 zitabaki hata sheria ikisema 28. Katika nchi nyingi viwango vya chini vya sheria haviachiki kwa makubaliano. Mkataba unaweza kumpa mfanyakazi zaidi. Ukimpa pungufu, kipengele hicho hakina nguvu, na mwajiri analipa tofauti yote iliyolimbikizwa. Tatizo la mikataba ya zamani, kwa maoni yangu, haliko sana kwa waliokwisha kusaini. Liko kwa watakaosaini kesho.

Mwaka jana nilimsaidia mwajiri mmoja mdogo kupitisha marekebisho ya aina hii. Tulifanya kila kitu: mkataba mpya, fomu ya likizo, jedwali, sentensi mbili za msimamizi ukutani. Jioni, nikiwa nimeshafunga mkoba, nikamwomba anifungulie kabati lililo chini ya mashine ya kunakili. Ndani palikuwa na rundo la mikataba ya zamani, imenakiliwa tayari, nafasi ya jina iko wazi. Nikamuuliza ni ya nini.

"Hiyo ni ya dharura," akasema. "Mtu akija kuanza kazi Jumamosi na mwenye kompyuta hayupo."

Tuliihesabu. Ilikuwa 62. Ule wa juu kabisa ulikuwa umekwisha kujazwa jina kwa kalamu ya bluu, la kijana aliyeanza kazi Jumamosi iliyopita.